Shajara ya mradi: diski tatu za nje kwenye laptopu yenye matundu mawili

Laptopu ni nyembamba, ina matundu mawili tu ya USB-C, na moja linamezwa na chaja karibu muda wote. Diski za nje ni tatu. Ninachotaka ni zote zikae zimechomekwa, zisomwe na kuandikwa kwa wakati mmoja, na nakala rudufu ya usiku iishe bila diski kupotea njiani. Naongeza ingizo hatua moja ikishakamilika. Yaliyokwenda sawa nayapitia haraka. Yaliyogoma nayaeleza kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yatakayokula muda wa mwingine. Mashine inaendeshwa na Linux, lakini mengi ya humu hayajali mfumo.

Diski nimezipa majina. Ndogo ni HDD (diski yenye sahani inayozungushwa na mota) ya inchi 2.5, terabaiti 2, haina adapta. Kebo yake upande mmoja ni USB-A na upande wa pili ni kile kichwa bapa, kipana, chenye mkato katikati. Nyepesi ni SSD (diski ya chipu tupu) ya terabaiti 1, USB-C. Kubwa ni HDD ya inchi 3.5, terabaiti 8, yenye adapta yake ya volti 12.

8 Februari: hesabu ya umeme na habu ya kwanza

Kawaida watu huhesabu matundu kwanza. Mimi nimeanza na umeme, na hadi sasa sioni sababu ya kubadili mpangilio huo.

Tundu la USB 2.0 linaahidi miliampea 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5. Tundu la USB 3.0 linaahidi miliampea 900, wati 4.5. USB-C inaweza kutangaza ampea 1.5 au hata 3, yaani wati 7.5 au 15, lakini hilo ni uamuzi wa aliyeunda laptopu. Sasa upande wa walaji: HDD ya inchi 2.5 ikishatulia haina njaa, ila sekunde zile za mwanzo, mota inapoanza kuzungusha sahani, inaweza kuvuta karibu ampea nzima. SSD haina mota, lakini ikiandika mfululizo nayo mahitaji yake yanapanda. Diski ya inchi 3.5 mota yake ni ya volti 12, ndiyo maana inakuja na adapta, na laptopu haiulizwi kitu. Kwa hiyo Kubwa, inayoonekana kama mzigo, ndiyo isiyo na matatizo. Wasumbufu ni hizi mbili za mfukoni.

Habu (kifaa kinachogawa tundu moja kuwa mengi) niliyoanza nayo ni ile ya bei ya chini: kichwa cha USB-C, matundu manne ya USB-A, haina adapta. Habu ya namna hii inagawa umeme wa tundu moja tu, na yenyewe inajikatia sehemu.

Ndogo peke yake: sawa. Ndogo na Kubwa: sawa. Nilipoiongeza Nyepesi na kuanza kunakili faili kutoka humo kwenda Ndogo, mambo yaliharibika. Ukisogeza sikio unaisikia: mota inapanda kwa mvumo, inafikia kilele, halafu “tik”, kimya, kisha inaanza upya. Taa ya diski inawaka muda wote, kwa hiyo ukitazama tu huwezi kushuku chochote. Kwenye `dmesg -w`, amri ya Linux inayoonyesha ujumbe wa mfumo papo hapo, picha ni hii:

`usb 2-1.3: USB disconnect, device number 7`
`usb 2-1.3: new SuperSpeed USB device number 8 using xhci_hcd`

na mzunguko huo unajirudia, namba ikiongezeka kila mara. Hiyo ni dalili ya volti kushuka. Mfumo wa faili ukiharibika, dalili zake zinatofautiana na hizi: diski ingebaki imeunganishwa, makosa yangekuwa ya kusoma. Watu wengi hufika hapa na kuifomati diski nzima iliyokuwa na njaa tu.

Nilijaribu pia kebo ya zamani yenye vichwa viwili vya USB-A, kimoja cha data na cha pili cha kuongezea umeme. Kwenye laptopu yenye matundu yanayojitegemea ni mbinu nzuri. Kwenye habu isiyo na adapta haina maana: vichwa vyote viwili vinachota kwenye kisima kimoja.

Habu hii haikutupwa. Imepewa kibodi na kipanya, na hapo inatosha kabisa.

15 Februari: habu inayopitisha chaja

Hatua iliyoonekana ya busara: habu ya USB-C yenye tundu la kuchomekea chaja, matundu ya USB-A, na HDMI. Chaja inaingia kwenye habu, habu inalisha laptopu na diski, na tundu la pili la laptopu linabaki wazi. Habu ya aina hii hujibakizia wati kadhaa kwa ajili yake na vifaa vyake, kwa hiyo laptopu hupokea pungufu ya kilichoandikwa kwenye chaja. Kwa kazi ya kawaida sikuona tofauti. Diski zote tatu ziliwaka, Ndogo ikaacha kutoa ule mlio.

Kasoro ilijitokeza nilipochomoa chaja. Diski zote, hata Kubwa yenye umeme wake, zilitoweka kwa kitambo kifupi na kurudi. Sababu iko kwenye mapatano ya umeme ya USB-C: chaja, habu na laptopu hukubaliana nani anatoa umeme na kwa volti ngapi. Chaja ikiondoka, mapatano yanavunjika na kuanza upya, laptopu inageuka kutoka mpokeaji kuwa mtoaji, na katika kugeuka huko habu inapoteza fahamu kwa sekunde moja hivi. Kibodi husamehe sekunde moja. Diski iliyo katikati ya kuandika haisamehi. Diski ambayo Linux iliiita `sdb` ilirudi ikiitwa `sdd`, programu ya nakala ikaendelea kuandika kwenye jina lisilokuwepo, na mfumo wa faili wa ext4 ukajifunga, usomeke tu.

Umeme wa ukutani ukikatika usiku wa manane matokeo ni hayohayo, hata betri ya laptopu ikiwa imejaa. Kwa mradi ambao shabaha yake ni nakala ya usiku, habu hii imejiondoa yenyewe.

Kabla ya kuirudisha kabatini, kuna jambo la pili lililojificha humo. Nilipochomeka skrini ya 4K kwenye HDMI yake, kasi ya Nyepesi ilianguka kutoka megabaiti 400 na ushei kwa sekunde hadi 38. `lsusb -t`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB na kasi ya viungo vyake, ilionyesha `480M` mahali palipokuwa na `5000M`. Kebo ya USB-C ina jozi nne za nyaya za kasi. Skrini ya 4K inayochorwa mara 60 kwa sekunde, kwenye habu nyingi, inazichukua zote nne, na data ya USB inabakiwa na zile nyaya mbili za USB 2.0. Skrini ya mara 30 kwa sekunde inatosheka na jozi mbili, na mbili nyingine zinaweza kubaki kwa USB kama habu inaruhusu mgawanyo huo. Kwenye boksi la habu vimeandikwa “4K 60” na “5 Gbps” karibu karibu, na kila kimoja ni kweli kivyake.

Uamuzi: chaja inaingia moja kwa moja kwenye tundu lake la laptopu, na habu ya diski itakuwa na adapta yake yenyewe.

1 Machi: kebo

Wakati nasubiri habu mpya nimepima kila kebo iliyopo. Ingizo hili linaweza kumsaidia hata asiye na habu.

Kichwa cha USB-C hakisemi chochote kuhusu kilichomo ndani ya kebo. Kebo nyingi zinazokuja na simu zimejengwa kwa ajili ya chaji, na data yake ni ya USB 2.0. Ukiichomeka SSD kwa kebo hiyo, itafunguka, faili zitaonekana, hakuna onyo lolote, na kasi itakuwa ya mwaka 2000. Kwa vitendo: kujaza terabaiti 1 kwa megabaiti 38 kwa sekunde ni zaidi ya saa 7, kwa megabaiti 400 ni kama dakika 42.

Kipimo changu ni amri moja, `lsusb -t`, diski ikiwa imechomekwa. `480M` ni USB 2.0, `5000M` ni USB 3.0, `10000M` ni toleo la haraka zaidi. Asiye na Linux anakili faili moja kubwa na kutazama kasi: ikigoma kupita megabaiti 40, shuku kebo kabla ya diski. Kebo zilizofaulu nimezifunga kipande cha utepe mweupe na kuandika namba. Ambazo hazikufaulu zimerudi kwenye simu.

Majina nayo yanachosha. USB 3.0 ilitoka mwaka 2008. Baadaye kitu kilekile kikaitwa USB 3.1 Gen 1, kisha USB 3.2 Gen 1. Vyote vitatu ni gigabiti 5 kwa sekunde. Unaponunua, puuza jina na utafute namba ya gigabiti. Na gigabiti 5 hazitoi megabaiti 625 kama hesabu ya kugawa kwa nane inavyodai, maana kila biti 8 za data husafirishwa kama biti 10. Dari ni 500, na mazungumzo ya itifaki yakishachukua chake unabaki na 400 na kitu.

Kituko kimoja cha USB-A: ukikichomeka kichwa polepole, pini za USB 2.0, ambazo ziko mbele, zinaweza kugusa mapema na kuanza mazungumzo kabla zile za USB 3.0 zilizo nyuma hazijafika. Diski inaunganishwa kwa `480M` kwenye kebo nzima na tundu zima. Chomoa, chomeka kwa mkupuo mmoja, tazama tena.

22 Machi: habu yenye adapta yake

Hii ndiyo iliyobaki. Matundu manne ya USB-A, gigabiti 5, adapta ya volti 12 na ampea 3, yaani wati 36. Inaunganishwa na laptopu kwa kebo ya USB-A pamoja na kigeuzi kidogo cha USB-C. Bei yake ilizidi ya habu mbili za mwanzo zikijumlishwa, na ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika mradi huu. Anayeanza leo aruke moja kwa moja hadi hapa.

Kabla ya kuigusisha laptopu nilipima jambo moja. Baadhi ya habu zenye adapta hurudisha umeme nyuma kuelekea kompyuta, jambo ambalo halitakiwi. Washa habu, acha kebo yake ya kwenda kwenye laptopu ikining'inia, kisha pima kwa mita pini mbili za pembeni za kichwa cha USB-A. Isome sifuri. Ikisoma karibu volti 5, irudishe ulikoinunua. Angalia tu ncha za mita zisigusane.

Diski zote tatu zilipanda mara moja. Niliwasha Ndogo wakati Nyepesi inaandika, jaribio lililoangusha habu ya kwanza, na `dmesg` ilikaa kimya.

Kuna hofu kwamba diski tatu kwenye tundu moja zitabanana. Hesabu inasema vingine. Ndogo inafika kama megabaiti 115, Kubwa kama 180. Zote mbili zikiandika kwa pamoja bado ziko chini ya 430 ambazo habu hii inapitisha. Tena USB 3.0 ina njia tofauti za kwenda na kurudi, hivyo kusoma Nyepesi huku ukiandika Kubwa hakugombanii barabara moja. Anayepoteza ni Nyepesi pekee: yenyewe ina uwezo wa gigabiti 10, hapa inapata 5. Nikiwa na kazi nzito ya video naichomoa chaja na kuipa Nyepesi tundu lile, kazi inaendelea kwa betri.

Mawili yaligoma.

La kwanza: kipanya kisichotumia waya kilianza kurukaruka kila Nyepesi inapofanya kazi. USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayogusa masafa ya 2.4 GHz, yaleyale ya vipanya vingi na Wi-Fi ya kawaida. Intel waliandika kuhusu hili mwaka 2012. Kipokezi cha kipanya kilikuwa kimekaa sentimita chache kutoka kebo ya diski. Kukihamishia kwenye kebo ndefu ya USB 2.0, mbali kidogo, kulimaliza tatizo. Kama Wi-Fi ndiyo inayoyumba, hamia 5 GHz.

La pili lilikula wikendi. Kubwa, wakati wa kuandika kwa muda mrefu, ilikuwa ikiganda kwa nusu dakika kisha inaendelea, na kwenye logi kulikuwa na `uas_eh_abort_handler` ikifuatiwa na `reset SuperSpeed USB device`. Tofauti na tatizo la umeme, hapa hakuna `disconnect` na mota haikatiki. Nilibadilisha kebo, kisha tundu la habu, kisha nikaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu: ilifanya vilevile, kwa hiyo habu haina kosa. Mhusika ni chipu iliyo ndani ya boksi la diski, isiyoelewana vizuri na UAS, ile njia mpya ya kupeleka amri nyingi kwa mpigo. Dawa ni kuirudisha diski hiyo kwenye njia ya zamani. Chukua namba zake mbili kutoka `lsusb`, kisha weka mstari huu kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d/`:

`options usb-storage quirks=xxxx:yyyy:u`

halafu jenga upya initramfs (faili dogo ambalo Linux huanza nalo inapowaka) na uwashe mashine upya. `lsusb -t` sasa inaonyesha `Driver=usb-storage` badala ya `uas`. Kwa HDD sikuona hasara ya kasi. Kwa SSD ingeonekana, kwa hiyo usiipake dawa hii diski isiyoumwa.

19 Aprili: majina, folda tupu na mifumo ya faili

Nakala ya usiku sasa inategemea diski kuwa pale inapotarajiwa. `sdb` na `sdc` hubadilishana kulingana na nani kaamka kwanza, kwa hiyo kwenye `/etc/fstab`, faili la orodha ya diski za kupachikwa mashine inapowaka, nimetumia UUID (namba ya utambulisho isiyobadilika ya kila diski), pamoja na `nofail` ili laptopu iwake hata nikiwa safarini bila diski.

Hapo kuna mtego. Kwa `nofail`, diski isipokuwepo, folda `/mnt/kubwa` bado ipo, ila ni folda tupu kwenye diski ya ndani. rsync, programu yangu ya kunakili, haijui tofauti. Itamwaga nakala nzima humo hadi diski ya ndani ijae, na asubuhi utakuta mashine inalalamika haina nafasi huku logi ya nakala ikisema kila kitu kimefaulu. Mstari wa kwanza wa skripti yangu ni:

`mountpoint -q /mnt/kubwa || exit 1`

Nimeongeza kinga ya pili: kabla ya kupachika diski, folda tupu nimeipa `chattr +i`, ili hata skripti ikikosewa mtu asiweze kuandika humo.

Mifumo ya faili haikunisumbua. Ndogo na Kubwa ni ext4, hazitoki nyumbani. Nyepesi inatembea kati ya Windows na macOS, kwa hiyo ni exFAT: FAT32 haikubali faili moja la kufikia gigabaiti 4, na macOS yenyewe inasoma NTFS bila kuiandika. exFAT haina jarida la mabadiliko, hivyo kuichomoa ghafla kunaumiza kuliko ext4. Windows tangu toleo la 1809 huziweka diski za nje kwenye hali ya kuondolewa haraka, jambo linalopunguza hatari bila kuiondoa. Kwenye Linux natumia `udisksctl unmount` kisha `udisksctl power-off`, na kwa Ndogo nasubiri mota inyamaze kabisa ndipo niichomoe. Vichwa vya kusomea vinahitaji muda wa kuegeshwa.

17 Mei: Ndogo inachoka

Nakala za usiku zinaisha, na `journalctl -k | grep disconnect` haitoi kitu isipokuwa pale nilipochomoa mwenyewe. Limebaki moja. Ndogo huanza kuandika kwa megabaiti 115 na baada ya makumi ya gigabaiti inashuka hadi 20 au 30, inapanda kidogo, inashuka tena. Kiungo bado ni `5000M`, logi safi, na hata ikiwa peke yake kwenye laptopu inafanya hivyohivyo.

Ni diski ya SMR: njia za data kwenye sahani zimepandiana kama vigae, na kubadilisha njia moja hulazimu kuandika upya za jirani. Ina eneo dogo la kupokelea data kwa haraka. Likijaa, kila kitu kinasubiri upangaji wa ndani. Hakuna habu wala kebo itakayoliponya hilo. HDD nyingi za inchi 2.5 za siku hizi ziko hivi, na aghalabu boksi halisemi.

Nimebadilisha majukumu. Nakala kamili inakwenda Kubwa. Ndogo inapokea mabadiliko ya siku tu, gigabaiti chache, ambayo inayameza kabla eneo lake la mapokezi halijajaa. Mwezi ujao najaribu kuhamishia Kubwa kwenye ruta yenye tundu la USB 3.0, nione kama gigabiti 1 ya kebo ya mtandao, karibu megabaiti 110 kwa sekunde, inatosha kwa usiku mmoja.